Msiusingizie Mwinuko wa Usambara

"Daktari, Jumamosi kikundi chetu kinakwenda Lushoto, tutatembea mpaka Irente. Nitafune punje ngapi za kitunguu saumu ili mwinuko usinishike? Na vile vidonge vya wapanda Kilimanjaro nivianze lini?"

Swali hili hunifikia kila sikukuu inapokaribia, na tangu vikundi vya wapanda milima viongezeke Dar es Salaam na Tanga limezidi. Jibu langu halijabadilika: usitafune hata punje moja kwa sababu hiyo, na vidonge viache dukani. Leo nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu imani hii kwamba milima ya Usambara huleta ugonjwa wa mwinuko imeanza kuwadhuru watu.

Ugonjwa wa mwinuko ni maradhi ya kweli na unaua. Lakini una masharti yake. Kwa kawaida humpata mtu aliyepanda upesi kupita mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na dalili zake, yaani kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi kupotea, huanza baada ya kukaa huko saa kadhaa. Sasa linganisha na safari yako. Mji wa Lushoto uko kwenye mita 1,400 hivi. Amani, upande wa Muheza, iko chini ya hapo. Chambolo, kilele kirefu kuliko vyote Usambara, hakifiki mita 2,300. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala usiku wa kwanza Mandara, kwenye mita 2,700. Kituo chake cha kwanza tu kimeshaipita Usambara yote kwa urefu, na bado wengi huamka pale wakiwa wazima.

Utaniambia, "Lakini daktari, hewa ya kule ni nyepesi." Ni nyepesi kidogo. Oksijeni ni asilimia 21 ileile unayoivuta Raskazone, Tanga. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Lushoto mgandamizo huo ni takriban asilimia 85 ya ule wa pwani. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, unabaki karibu nusu. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni kubwa mno, kwa sababu damu haipungukiwi oksijeni kwa kasi ileile ya hewa. Chembe nyekundu za mtu mzima mwenye afya hujaa oksijeni karibu zote akiwa pwani, na akiwa Lushoto zinakaribia kujaa vilevile. Mwili una akiba ya kutosha kwa kimo kile. Wakazi wa Lushoto hawana mapafu ya ajabu, na mgeni kutoka pwani hahitaji dawa ya kuwafikia.

Basi mbona unahema? Kwa sababu unapanda. Kupanda mita 300 za wima ni sawa na kupanda ngazi za jengo la ghorofa 100 bila lifti. Ukifanya hivyo Kariakoo, karibu na bahari, utatweta na moyo utakwenda mbio vilevile, wala hakuna atakayetaja mwinuko. Kipimo chake ni rahisi: keti kivulini dakika tano. Pumzi ikirudi, ilikuwa kazi ya miguu. Dawa yake ni kutembea taratibu kiasi cha kuweza kuzungumza bila kukatisha sentensi, na kufanya mazoezi wiki kadhaa kabla ya safari, si usiku wa kuamkia.

Na kichefuchefu? Hiki ndicho kinachowahakikishia watu kwamba mlima umewashika, kwa sababu wanafika Lushoto wakiwa wamekwisha kutapika. Itazameni barabara yenyewe. Kutoka Mombo kupitia Soni ni kilomita 33 hivi, karibu zote kona, upande mmoja ukuta wa mwamba na mwingine bonde. Abiria ameinamia simu, macho yanaona kioo kilichotulia huku sikio la ndani likihisi mwili ukirushwa kushoto na kulia. Ubongo unapata taarifa mbili zinazopingana, na tumbo ndilo linalolipia. Hicho ni kichefuchefu cha gari. Kaa mbele, tazama mbali, weka simu mfukoni, kula kidogo kabla ya Mombo. Kichwa kinachouma jioni hiyo mara nyingi ni matokeo ya usiku usiolalwa, basi la alfajiri, kifungua kinywa kilichorukwa na maji yaliyonyimwa kwa kuogopa kusimamisha gari njiani.

Nirudi kwenye kitunguu saumu. Ni kiungo kizuri jikoni, lakini kinga dhidi ya mwinuko si kazi yake, na hakuna daktari makini atakayekiandika kwa ajili hiyo. Punje mbichi zikitafunwa alfajiri tumbo likiwa tupu huchoma, huleta kiungulia na wakati mwingine kutapika, yaani zinakupa zilezile dalili ulizokuwa ukizikimbia. Kwa anayemeza warfarini ya kuzuia damu kuganda, kitunguu saumu kingi humwongezea hatari ya kutokwa damu. Mtu kama huyo akijikwaa kwenye jiwe na kugonga kichwa, tatizo si dogo tena.

Vidonge ni hatari zaidi kwa sababu vina nguvu. Asetazolamidi, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Diamox, ina nafasi yake kwa baadhi ya wapandaji wa milima mirefu, kwa ushauri wa daktari. Inakukojoza mara kwa mara, inachomachoma vidole na midomo, na mwenye mzio wa dawa za salfa inaweza kumletea balaa. Ukiimeza wewe unayekwenda kutembea juani kwenye mita 1,400, utapoteza maji unayoyahitaji ili kuzuia maradhi ambayo kimo kile hakiyaleti. Anayekuuzia bila kukuuliza unakwenda mlima gani hakusaidii.

Madhara makubwa zaidi ni mengine. Neno "mwinuko" limekuwa blanketi la kufunika kila ugonjwa. Mtu ametoka pwani, siku ya pili Lushoto kichwa kinamuuma, anatetemeka, viungo vinalegea. Wenzake wanamwambia ni mwinuko na baridi, wanampa tangawizi na kumfunika. Anaweza kuwa na malaria aliyokuja nayo kutoka nyumbani, kwa sababu vijidudu vyake hukaa mwilini kwa siku saba au zaidi kabla ya homa kupanda. Kipimo cha haraka huchukua dakika 15 hadi 20. Kumfunika mpaka Jumatatu kunaweza kumgharimu maisha. Vivyo hivyo kwa mzee wa miaka 55 anayebanwa kifua kwenye kilima na kuambiwa apumue polepole "azoee hewa". Kifua kinachobana huku maumivu yakienda begani au kwenye taya ni moyo mpaka ithibitishwe vingine, na mtu huyo anatakiwa hospitali.

Wapo wachache ambao swali lao ni la haki, nao ndio wasioniuliza. Mwenye selimundu anahitaji ushauri wa kliniki yake kabla ya kupanda, hata Usambara, kwa sababu kiu, baridi na uchovu vyote huweza kumletea maumivu makali. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, asiiache hotelini. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye shinikizo la damu lisilotulia: muone daktari wako kwanza. Na msihangaike na vile vipimo vya oksijeni vya kubana kidole. Kidole chenye baridi, rangi ya kucha au piko iliyobaki tangu harusi vinaweza kukupa namba ya uongo ikalitia hofu kundi zima.

Sasa mambo ya safari, kwa haraka. Mgeni aanze na Irente: kutoka mjini ni mwendo wa saa moja na nusu hivi, na mandhari ya Mazinde na nyika ya Wamasai iko chini ya miguu yako, kaa mbali na ukingo, picha isikutoe roho. Mwenye mazoezi aende msitu wa Magamba. Anayependa kivuli, ndege na vipepeo, Amani. Mwenye siku tatu au nne atembee Lushoto hadi Mtae akilala vijijini, na achukue mwongozaji wa hapohapo. Masika, Machi hadi Mei, udongo huteleza. Juni hadi Septemba njia ni kavu lakini usiku ni baridi, beba sweta na fulana ya kubadilisha, maana iliyolowa jasho ikipigwa upepo juu hutetemesha. Ukungu ukishuka, simama mpaka uone njia. Maji lita mbili kwa mtu, na kwa matembezi ya kutwa nzima lita moja iwe na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kula kabla ya kuanza. Viatu vyenye meno, vilivyokwisha kuzoea mguu. Kuteremka ndiko kunakoumiza magoti: hatua fupi, fimbo mkononi. Giza huingia upesi, hivyo ifikapo saa tisa alasiri geuzeni, mmefika msifike.

Na mtu akiumwa mkiwa huko, mchukulieni kama mgonjwa. Pumzi isiyotulia akiwa ameketi, kifua kubana, homa, kutapika kusikokoma, maneno kuchanganyika: mshusheni mkampeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Usambara haina kimo cha kulaumiwa, kwa hiyo upo ugonjwa mwingine, na huo una vipimo na una tiba.