Seli Zinapoachia: Figo na Vichocheo vya Ukuaji

Wengi wetu hapa ughaibuni tumeshatoa mchango kwa ajili ya mtu wa nyumbani anayesafishwa damu kwa mashine. Lakini je, figo zake zilifikaje huko? Mimi si daktari. Ni mhandisi ninayesomea uzamivu, na kazi yangu ni kutengeneza vifereji vidogo vya kuoteshea seli za figo. Basi nitaeleza kihandisi.

Figo ni chujio. Kila moja ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, viitwavyo glomeruli. Kwa siku, figo zote mbili huchuja maji ya damu kama lita 180, halafu karibu yote hurudishwa mwilini. Tunachokojoa ni lita moja au mbili tu. Kila kichujio ni fundo la mishipa myembamba sana, na nje ya mishipa hiyo zimekaa seli ziitwazo podosaiti. Zina miguu, kama pweza aliyekumbatia jiwe. Miguu ya seli moja huingiliana na ya jirani yake, na upenyo unaobaki hupitisha maji na chumvi lakini huzuia protini.

Sasa, pweza huyu amejishikiza kwa kitu gani? Kwenye nyayo zake kuna protini ziitwazo integrini, ambazo ni nanga zinazomfunga kwenye utando ulio chini yake. Nanga hizi hutii ujumbe, na wajumbe wenyewe ndio vichocheo vya ukuaji: protini ambazo seli huzitoa kuiambia nyingine, au kujiambia yenyewe, kua, gawanyika, hama, au tulia hapo hapo.

Kichocheo kimoja ni VEGF. Podosaiti hukitoa ili mishipa iliyo jirani iwe na afya. Kikipungua ni balaa: baadhi ya wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa ya kukizuia, kama bevacizumab iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004, hupata presha na protini kwenye mkojo. Kikizidi nacho, panya wa maabara wameonyesha kwamba kichujio huharibika vilevile. Yaani ni kama chumvi kwenye mchuzi.

Kingine ni TGF-beta. Sukari ikikaa juu muda mrefu, au presha ikizidi, hiki huongezeka. Podosaiti hupunguza nanga zake, miguu hujikunja, na seli iliyokuwa imetulia huanza kusogea. Mwisho huachia na kutoka na mkojo. Wakati huohuo seli nyingine huamriwa kutoa kolajeni kwa wingi, na kovu hujengeka.

Maabarani uhamaji wa seli hupimwa kwa njia rahisi tu: unakwaruza mstari kwenye seli zilizoota, unaongeza kichocheo, kisha unahesabu saa hadi pengo lizibe. Kwenye ngozi uhamaji huo ndio unaoponya kidonda. Kwenye kichujio cha figo, podosaiti ikihama inaacha tundu. Na podosaiti za mtu mzima karibu hazigawanyiki kabisa, kwa hiyo ikiondoka moja, si rahisi kupata ya kuziba nafasi yake.

Ndiyo maana dawa za presha kama enalapril na losartan hulinda figo kuliko kushusha presha peke yake kungeweza kufanya. Zinapunguza nguvu ya angiotensini, homoni inayobana mishipa na pia kuchochea TGF-beta. Lakini hizi ni za kupewa na daktari, si za kuazimana.

Tatizo ni kwamba figo haziumi wakati haya yanatokea. Hata kreatinini kwenye damu inaweza kuonekana ya kawaida huku seli nyingi zimeshaondoka. Dalili ya mapema ni albumini kwenye mkojo, na mwenye kisukari anatakiwa apimwe walau mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo ukipiga simu nyumbani wikiendi hii, baada ya salamu, muulize mama, baba au shangazi mwenye sukari au presha: mkojo wako umepimwa albumini mwaka huu? Akisema hapana, mwombe aende wiki ijayo, hata kama anajisikia mzima kabisa.