Wateja wa Kuazima

Jumba la maduka likidorora, lawama huwaendea kwanza wenye maduka: bei zilipanda, bidhaa zilipitwa na wakati, wahudumu walinuna. Lawama hizo mara nyingi hazina msingi, kwa sababu duka dogo ndani ya jumba kubwa huwa halina wateja wake lenyewe. Huwaazima kutoka kwa mpangaji mkuu, kwa kawaida supamaketi, ambaye mwenye jengo humtoza kodi nafuu kwa kila futi ya mraba kwa kuwa ndiye mwenye kuvuta watu. Muuza viatu na kinyozi hulipa zaidi ili wakae kwenye mapito ya watu hao. Nakumatt, iliyoanzia Nakuru kwa kuuza magodoro na kufikia matawi zaidi ya 60 katika nchi nne za Afrika Mashariki, ililidhihirisha jambo hili ilipoanguka. Mtu atasema iliangushwa na madeni na uongozi mbaya, wala si uhaba wa wateja. Ni kweli, ila madeni hayaelezi masaibu ya majirani zake, ambao nao waliumia rafu za Nakumatt zilipobaki tupu. Kule Thika Road Mall, Carrefour ilichukua nafasi hiyohiyo mwaka 2017, na wanunuzi wakarejea. Jengo halikuhama, barabara haikubadilika. Aliyebadilika ni mvutaji.

Katika kaunti za Kitui na Makueni hakuna jumba la ukubwa huo, lakini kanuni ileile imetawala miji mizima, na mfano ulio wazi zaidi ni Mtito Andei. Mji huu wa Makueni uko karibu katikati ya Nairobi na Mombasa. Kwa miongo mingi basi lilisimama hapo abiria wale na kujinyoosha, na dereva wa lori akapata chai, kitanda na fundi wa magurudumu. Lojingi, vibanda vya nyama choma, maduka ya vipuri na wauza matunda wote walisimama juu ya mpangaji mkuu mmoja asiyelipa kodi, yaani barabara. Tarehe 31 Mei 2017 reli ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi ikazinduliwa, mwaka uliofuata ikaanza kubeba makasha, na mwaka 2019 serikali ikaagiza mizigo iendayo bara isafirishwe kwa reli. Wafanyabiashara wa miji ya njiani, kuanzia Mariakani hadi Makueni, wakalia kwamba malori yamepungua na mauzo yamepungua nayo. Kafyu ya korona ya mwaka 2020 iliongeza makali, kwa hiyo si haki kuibebesha reli mzigo wote.

Watetezi wa reli wana jibu linalostahili kusikilizwa: SGR ina stesheni Emali, Kibwezi na Mtito Andei, basi wateja wameletwa kwa njia nyingine. Hesabu haiendi hivyo. Treni ya kasi hupita tu, na ile ya stesheni za njiani husimama kwa dakika chache, abiria akiwa na kiti na begi lake la kulinda. Anayeshuka ni mtu wa hapo, naye anakwenda kula kwake. Kasha lililo juu ya behewa halina dereva mwenye njaa wala taniboi wa kununua vocha. Tani zinaweza kuongezeka huku matumbo yanayopita yakipungua, na mji wa njiani huishi kwa matumbo. Ndiyo maana hata baada ya Rais Ruto kutangaza, alipoapishwa Septemba 2022, kwamba shughuli za kuondoa mizigo bandarini zirudi Mombasa, haikufuata kwamba kila lojingi ingejaa tena. Dereva aliyekwishazoea kituo kingine hana deni na Mtito Andei.

Emali, iliyo kwenye barabara hiyohiyo, ina bahati nyingine. Pale njia ya Loitokitok na ile ya Wote hukutana na barabara kuu, na pana soko la mifugo linalowaleta Wamaasai wa Kajiado na Wakamba pamoja. Lori likikosekana, ng'ombe bado anauzwa na mwenye kumuuza ananunua unga kabla ya kurudi. Nadhani hapa ndipo wachambuzi wengi hukosea: hupima ukubwa wa mji kwa majengo, badala ya kuhesabu wavutaji wake.

Kwa kipimo hicho mji wa Wote, ambao mvutaji wake mkuu ni serikali, unahitaji kutazamwa kwa makini. Ulikuwa makao ya wilaya tangu Makueni ilipomegwa kutoka Machakos mwaka 1992, na ugatuzi wa 2013 ukaufanya makao ya kaunti. Mgao wa kaunti hiyo kutoka hazina ya taifa unapita shilingi bilioni 8 kwa mwaka, na wa Kitui bilioni 10. Mishahara na malipo ya wakandarasi huishia sehemu yake kwenye maduka ya mjini, na hazina ikichelewesha fedha, kama inavyofanya mara kwa mara, mwenye duka huuza kwa mkopo. Watu watauliza: na maembe je, na ndengu? Ni fedha halisi, lakini hufuata mvua za Oktoba hadi Desemba, na mavuno yakifa hakuna mnunuzi. Muuza mitumba amelielewa jambo hili kuliko mwenye ploti: yeye hubeba robota lake na kufuata siku ya soko ya kila mji, wala hamngojei mteja mahali pamoja.

Sasa lami imeunganisha Kibwezi na Kitui kupitia Ikutha na Mutomo, kwenye njia iliyokusudiwa kufupisha safari kutoka Mombasa hadi kaskazini mwa Kenya na Ethiopia. Malori yakiifuata, Mutomo itapata mpangaji mkuu ambaye haikuwa naye. Lami hiyohiyo, hata hivyo, inamwezesha mkazi wa Mutomo kufika Kitui mjini kununua na kurudi siku hiyohiyo, na muuza duka wa Mutomo hana namna ya kuchagua ni upande upi wa barabara hiyo utakaomfikia kwanza.