Miaka Miwili katika Mji Kasoro Bahari

Wapo akina mama wengi waniulizao, tukutanapo soko la Nakasero au harusini, ilikuwaje mwanamke mwenye mume na watoto wawili akaiacha Kampala akaenda kukaa miaka miwili Morogoro, nchi ya watu, kwa sababu ya shahada. Wengine huuliza kwa kutaka kuijua njia. Wengine, nasikitika kusema, huuliza kwa kumwonea huruma mume. Nimeona niwajibu wote kwa pamoja katika ukurasa huu, na sitaficha hata yale nisiyopenda kuyasema.

Kazi yangu ilikuwa kukagua nafaka katika ghala moja la mjini. Mahindi na karanga huletwa kwa malori, nasi hupima unyevu na kutazama kama punje zimeota ukungu. Ukungu huo ndio uzaao sumukuvu, sumu isiyoonekana kwa macho wala kutambulikana kwa ladha, na ambayo haiondoki kwa moto wa kawaida wa jikoni. Huharibu ini, na mtu aliyeila kidogo kidogo kwa miaka mingi yumo hatarini kupata saratani. Hayo niliyajua kwa kukariri tu. Lorry lilipokataliwa, na mwenye mzigo akauliza kwa nini, nilikuwa namwonyesha kipimo na kunyamaza.

Hapo awali nilijaribu kusoma jioni katika chuo kimoja papo hapo Kampala. Kazini nilitoka saa kumi na moja, barabara zimekwisha fungwa na magari; darasani nilifika mwalimu amefika nusu ya somo; nyumbani nilifika saa nne usiku nikazikuta sare za shule zangojea pasi. Baada ya miezi mitano niliacha. Ndipo mfanyakazi mwenzangu mmoja aliponieleza habari za Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1984, kikapewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari karibu na Morogoro mwezi wa Aprili mwaka huohuo. Kabla ya hapo kilikuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sumukuvu ni jambo walijualo vema huko, kwani mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Masomo ya uzamili huchukua miaka miwili: mmoja darasani, mwingine katika utafiti.

Baba watoto alikubali kwa neno moja, kisha akakaa siku tatu bila kusema mengi. Wazee walikutana. Ikaamuliwa kwamba mtoto wa kiume, mwenye miaka tisa, abaki Kampala na baba yake kwa ajili ya shule, na binti, mwenye miaka minne, akae Masaka kwa mama mkwe wangu. Mimi mwenyewe niliuona uamuzi huo kuwa wa busara. Nilisema mbele ya wote kwamba katika mji mtulivu, pasipo mtoto wala jiko kubwa, nitasoma miaka miwili kama mtu asomaye minne.

Niliondoka mwezi wa Oktoba mwaka 2022. Msomaji anayekusudia safari kama hii asidanganyike na kitambulisho cha taifa: hicho humvusha Mganda mpaka wa Kenya na wa Rwanda, lakini Tanzania hutaka pasipoti. Cheti cha homa ya manjano nacho ni lazima, na chanjo ichomwe mapema, kwa kuwa cheti huanza kuhesabiwa baada ya siku 10. Shahada ya kwanza iliyopatikana nje ya Tanzania hutakiwa kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu ya huko, na jambo hilo lisingojewe hadi wiki ya mwisho. Basi lilipita Mutukula, likaizunguka Kagera, likashuka Singida na Dodoma, na siku ya pili nikateremka stendi ya Msamvu miguu imevimba.

Mji wenyewe umelala chini ya milima ya Uluguru, na wenyeji huuita kwa utani "mji kasoro bahari", maana yake kwamba una kila kitu isipokuwa bahari. Mimi niliyetoka kwenye vilima vya Kampala nilipigwa kwanza na joto, kwani Morogoro iko chini zaidi kuliko kwetu. Sweta zangu tatu zilikaa sandukuni miaka yote miwili, na nafasi yake ingalichukuliwa vizuri na sufuria.

Pigo la pili lilikuwa la fedha. Huko mwenye nyumba hudai kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, pengine ya mwaka mzima, na dalali aliyekuonyesha chumba hutaka kodi ya mwezi mmoja juu yake. Nilikuwa nimeweka akiba kwa hesabu ya Kampala. Tena shilingi yao ina thamani kuliko yetu, kwa hiyo bei iliyoonekana ndogo gengeni haikuwa ndogo nilipoigeuza. Niliishi Novemba nzima kwa wali, mchicha na dagaa.

Chumba nilikipata mtaa wa Mafiga, ambao si mbali na chuo. Neno hilo ni yale mawe matatu yapikiwayo chungu, nikaliona kuwa jina jema kwa mtu wa jikoni. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kiluguru mwenye umri wa mama mkwe wangu. Asubuhi ya kwanza nilimwambia "Jambo", kama tusemavyo sisi. Akanitazama kwa upole, akasema, "Mwanangu, jambo ni la mgeni. Mimi nipe shikamoo." Nikampa, akaitikia "Marahaba", kisha akaniuliza nimeamkaje, nimelalaje, kwetu hawajambo, na yule bwana hajambo, hata maji yangu yakachemka yakakauka jikoni.

Kiswahili changu nilikipata kwa baba, aliyekuwa dereva wa malori ya Mombasa, nacho kilikuwa Kiswahili cha amri. Dukani nilisema "Leta sukari", na muuzaji akaniletea sukari na uso uliokunjamana. Ilinichukua wiki kadhaa kujua kwamba huko mtu husema "Naomba sukari", hata kama fedha yake iko mkononi. Darasani tulifundishwa kwa Kiingereza, na nilidhani Kiswahili ni cha sokoni tu; baadaye utafiti wenyewe ulikuja kukaa juu ya neno hilo "naomba".

Sasa nifike kwenye utulivu, ambao ndio uliokuwa hoja yangu mbele ya wazee. Ulikuwapo, tena mwingi. Kufikia saa tatu usiku mtaa ulinyamaza, ukasikia mbwa wa mbali na maji yakidondoka kwenye ndoo. Nami niliketi mezani, kitabu kimefunguliwa, nisisome. Kampala nilikuwa nikilaumu kelele. Kumbe kelele zilikuwa zikinizuia nisisikie mambo mengine. Katika ukimya ule nilimsikia binti yangu akikohoa Masaka. Nilisikia hesabu ya karo ya mwanangu. Nilifungua simu mara kumi kutazama kama kuna ujumbe. Mtihani wa kwanza wa takwimu nilipata 38 kwa 100, na nilipouona nililia chooni ili vijana niliosoma nao, ambao wengi wao wangeweza kuniita mama mdogo, wasinione.

Nilipiga simu Masaka kila jioni. Mwanzoni mtoto alizungumza, akaimba, akaniuliza nitarudi kesho. Desemba alikuwa akija kwenye simu kwa kuvutwa. Jioni moja ya Januari mama mkwe alipokea, nikamsikia akimwita binti, na mtoto akauliza kwa Kiganda, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni yule ssenga wa kwenye simu?" Ssenga kwetu ni shangazi. Mama mkwe alitaka kulifunika neno hilo kwa kicheko, lakini nilikuwa nimekwisha lisikia.

Sikupika usiku ule. Bibi aliona jiko langu halina moshi, akaja na sahani ya ugali na majani ya maboga, akangoja niseme. Nilimweleza. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama. Shamba hurithiwa kwa mama, na mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Kwa hiyo alichoshangaa si kwamba nilisafiri. "Kusoma ni kazi kama kulima," alisema. "Lakini mwenye kwenda shamba la mbali hubeba mtoto mgongoni. Wewe wako umemwacha nyumbani, na sasa mgongo mtupu ndio unaokuuma." Nikamwambia kwamba nikiwa na mtoto sitasoma. Akauliza, "Na sasa wasoma?"

Muhula ulipofungwa nilikwenda Masaka. Sitaki msomaji adhani kwamba mama mkwe alikuwa na kosa. Alimlea mtoto yule vema, akamnenepesha, akamfundisha kupiga magoti akisalimu watu wazima. Nilipomwambia kwamba namchukua, hakubisha. Alifunga nguo za mtoto katika kitenge kimoja, akaketi nje na kututupia mgongo mpaka gari lilipokuja. Katika habari hii nzima hilo ndilo deni nisilojua nililipe vipi. Mtoto alilia hadi Mutukula, tena hakumlilia mama yake.

Pale Mafiga utaratibu wetu ukawa huu. Saa kumi alfajiri niliamka nikasoma hadi saa kumi na mbili, na utulivu uleule ulionitesa sasa ukanifaa, kwa maana kikohozi nilichokisikia kilikuwa hatua tatu kutoka mezani. Kisha uji, kisha nampeleka shule ya chekechea, nami huyo darasani. Mchana alipotoka alikaa na Bibi. Nilimlipa Bibi kwa vitu alivyokubali: sukari, mkaa, na umeme niliomnunulia katika luku ya nyumba. Fedha alizikataa. Jumamosi nilichemsha maharage ya siku nne na kusaga karanga za wiki. Ndizi za kupika zipo, lakini wao huzipika kwa nyama na nazi, na binti yangu akapenda hizo kuliko matooke yetu ya kuvukiza. Takwimu niliirudia nikapata 61.

Palikuwa na mapumziko pia. Mji huu ndio uliomlea mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali mwaka 1979, na bado hupiti baa za wazee usimsikie. Mazimbu, palipokuwa na shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, siku hizi pana kampasi ya chuo chetu. Na chuoni wapo panya-buku wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Binti alipoambiwa hivyo akaniuliza kama nao hupata 38.

Mwaka wa pili nilikwenda vijijini mkoani Dodoma kwa utafiti wa karanga. Niliwafundisha akina mama yale ambayo hata msomaji angefaa kuyashika: karanga zikauke hadi unyevu wake uwe asilimia 7 au 8, mahindi yasizidi 13, zianikwe juu ya turubai au mkeka, zisianikwe ardhini, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zitolewe. Wao walijua kuchambua kuliko mimi. Mama mmoja alipomaliza alikuwa na marundo mawili mbele yake. Nilimwuliza rundo baya huenda wapi. Akasema jema huuzwa mjini, na baya hutwangwa kuwa mboga ya nyumbani. "Naomba msiwape watoto hizi," nikamwambia. Akanijibu bila ukali, "Basi niambie mboga ni nini leo." Sikuwa na jibu, na nakiri kwamba tasnifu yangu haina jibu kamili. Ina sura moja juu ya bei, ambayo msimamizi wangu alitaka niipunguze, nami nikaikatalia.

Treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ilianza kubeba abiria hadi Morogoro mwezi wa Juni mwaka 2024. Tuliipanda mara moja, mtoto na mimi, ili auone upungufu ule wa mji, yaani bahari yenyewe. Mwishoni mwa mwaka tulirudi Uganda. Ghalani nafasi yangu ilikuwa imekwisha chukuliwa, na sasa nafanya kazi ya muda katika mahali pengine, kwa mshahara ambao haujafika pale ulipokuwa. Mume wangu na mwanangu wa kiume walikuwa na desturi zao, saa zao za kula, mizaha yao nisiyoielewa. Miezi kadhaa nilikuwa mgeni mezani kwangu. Mvulana aliniuliza siku moja kwa nini nilimfuata dada yake, yeye nikamwacha. Nilimweleza habari za shule, akasema ameelewa.

Masaka tulikwenda Krismasi. Binti alipiga magoti kama alivyofundishwa, kisha akasema "Shikamoo", na mama mkwe, ambaye Kiswahili chake ni kidogo, akanigeukia kuuliza aitikie nini. Nikamwambia. Mchana ule tuliketi chini ya mwembe, yeye na mimi, ungo mmoja kati yetu, tukichambua karanga za mchuzi. Kila nilipotupa punje mbovu yeye aliiokota akaigeuza, akaitazama kwa muda, kisha akaitupa mwenyewe.