Mji Unaokimbiwa na Bahari

Mgeni anayefika Weston-super-Mare, magharibi mwa Uingereza, saa za maji kupwa, huitafuta bahari asiione. Ufuko upo, mpana na mrefu. Punda wanabeba watoto mchangani kama walivyofanya tangu karne ya 19, na maduka ya samaki na chipsi yako wazi. Maji yenyewe yamejitenga zaidi ya kilomita moja. Saa sita baadaye yatakuwa chini ya ukuta wa barabara.

Mji huu uko kwenye Mlango wa Bristol. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa hufika mita 12, na huko Avonmouth, ndani zaidi, hukaribia 14. Mvuvi wa Unguja, aliyezoea bamvua la mita 4 hivi, azidishe mara tatu. Ni sehemu chache mno duniani, kama Ghuba ya Fundy nchini Kanada, zinazoushinda mlango huu.

Mwezi na jua, vinavyoyavuta maji, ni vilevile kila mahali. Kinachotofautiana ni umbo la bahari. Kwenye kilindi cha Atlantiki maji hupanda kwa chini ya mita moja. Yakifika kwenye kina kifupi karibu na nchi kavu, mwendo hupungua na kimo huongezeka. Kisha yanaingia katika mlango ambao kingo zake zinazidi kukaribiana, nayo hayana pa kwenda ila juu.

Sababu nyingine kubwa ni mdundo. Yumbisha beseni la maji kwa kufuata mwendo wa maji yenyewe, hata kwa nguvu ndogo, na punde yatamwagika. Mlango wa Bristol, pamoja na bahari ya kina kifupi iliyo mbele yake, una mdundo wake wa asili, nao unakaribia saa 12 na dakika 25, yaani muda kati ya maji kujaa na kujaa tena. Kila msukumo wa Atlantiki unayakuta maji yakielekea kulekule, ukayaongezea nguvu.

Ukilijua hilo, utauelewa mji mzima. Gati la Birnbeck, lililofunguliwa mwaka 1867, liliunganisha nchi kavu na kisiwa kidogo ili meli za abiria zipate kina cha kutia nanga. Gati Kuu la mwaka 1904 lilirefushwa baadaye kufuata maji, lakini mkondo ulikuwa mkali mno kwa meli, na kipande hicho kikabomolewa. Suluhisho ninalolipenda zaidi ni la mwishoni mwa miaka ya 1920: ukuta uliozuia sehemu ya bahari, ili maji yakipwa watu wabaki na ziwa la kuogelea. Hawakushindana na mwezi; walibakiza kidogo cha maji unayoyavuta.

Mikondo hiyo hiyo ndiyo inayoipa bahari ya Weston rangi ya kahawia. Huchota udongo laini, mwingi ukiwa umeletwa na Mto Severn, na kuutandaza mbele ya mchanga. Ndege wa pwani huja kwa maelfu majira ya baridi kula minyoo na konokono wa tope hilo. Kwa binadamu ni mtego. Tope lililotulia huonekana gumu, lakini likitikiswa hulainika, na mguu ukizama hunaswa: ukiuvuta kwa nguvu, tope nalo linauvuta chini. Waokoaji hupiga maji kwa bomba kandokando ya mguu mpaka tope liachie.

Kwa hiyo, msomaji utakayebahatika kufika huko, tazama kwanza jedwali la maji, ubaki kwenye mchanga, na usiifuate bahari iliyokupwa. Ukinaswa, usihangaike: jilaze chali ili uzito usambae, piga 999 na uombe walinzi wa pwani mara moja, kwa maana maji yatarudi kwa saa yake.