Kagua Msumari Kabla ya Kulilaumu Bati

Paa likivuja, lawama hubebeshwa bati. Fundi huitwa, hupanda na kopo la lami, hupaka palipolowa, na mwenye nyumba hulala akijua yamekwisha. Lakini bati la zinki ambalo halijaliwa na kutu halipitishi maji ila kwenye maungio na matundu tuliyoyatoboa wenyewe. Ndiyo maana nashikilia kwamba kuvuja na kuezuliwa ni ugonjwa mmoja: tone linalodondokea sebuleni mara nyingi linatoka kwenye msumari ulioanza kuachia, na msumari huohuo ndio upepo unaoungoja.

Upepo hauezui paa kwa kulikandamiza, bali kwa kulinyanyua. Ukipita juu ya nyumba hulivuta bati kwenda juu, hasa kwenye kingo, pembe na kileleni; ukiingia dirishani hulisukuma kutoka ndani vilevile. Upepo wa kilomita 100 kwa saa una nguvu ya takriban kilo 47 kwa kila mita ya mraba, na pembeni mwa paa mvuto huweza kuzidi hapo. Mita hiyohiyo ya bati la geji 30 haifiki kilo 3. Kwa hiyo uzito wa bati hausaidii kitu; kinacholizuia ni msumari na mbao ulioishika. Sasa chukua mji kama Bukoba, ambako mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka na ziwa halichoki kuleta dhoruba. Papi, yaani hizo mbao zinazoshikilia bati, hulowa, hukauka, husinyaa. Bati hutanuka kwa jua la mchana na kunywea usiku, likiutikisa msumari kama ulimi unavyotikisa jino bovu. Ukipanda utaona kofia ya msumari imeinuka kiasi cha kupitisha ukucha, mpira wake umekakamaa na kupasuka, na kutu imechora duara kuuzunguka.

Kuugongelea tena hakufai, kwa kuwa tundu la mbao limeshapanuka. Ung'oe, uweke skrubu ya bati iliyo nene na ndefu kuliko huo msumari, yenye mpira mpya, juu ya mgongo wa bati wala si bondeni yanakopita maji. Ikaze mpaka mpira ubanwe, usiuponde. Papi iliyooza haishiki skrubu ya aina yoyote, ibadilishwe kwanza.

Wapo watakaosema skrubu ni ghali. Ni kweli, ila si lazima paa zima lifanywe siku moja: anza na kingo na pembe, kwani huko ndiko bati huanzia kufunuka. Wengine hupanga mawe au matairi juu ya paa. Ukikumbuka zile kilo 47, jiwe la kilo 10 ni la kujifariji, na likirushwa ni hatari kwa jirani. Na anayetaka kununua bati nene? Lililotoboka kwa kutu libadilishwe, hapo hatubishani. Ila bati nene lililoshikwa na misumari iliyolegea litaruka vilevile, tena likitua litaumiza zaidi. Lami nayo huziba tone kwa msimu mmoja, ikauficha msumari uliopaswa kuonekana.

Kabla ya masika, mpandishe fundi asubuhi bati likiwa bado la baridi, akanyage kwenye mstari wa misumari, na aanzie pembe inayopokea upepo.