Nikianguka Tena, Ningali Mtoto wa Mungu?



Wachungaji tunaulizwa swali hili mara nyingi, karibu kila mara kwa sauti ya chini: "Nimeokoka, nimebatizwa katika maji, ninasema kwa lugha, lakini dhambi ile ile inanirudia. Ningali mtoto wa Mungu, ao nilijidanganya tangu mwanzo?"

Wengine wamekwisha kujijibu wenyewe. Siku ya Meza ya Bwana, mkate unapoanza kupitishwa, wanachukua Biblia zao na kutoka nje polepole. Wengine wanabaki, lakini kikombe kikiwafikia wanakipitisha kwa jirani. Na kuna wale wanaokuja mbele kila mara mhubiri anapoita wanaotaka kuokoka, mara ya nne, mara ya tano, kana kwamba jina lao linaandikwa na kufutwa mbinguni kila juma.

Wanaotoka nje wana andiko lao: 1 Wakorinto 11:27, onyo juu ya kula isivyostahili. Lakini tusome sura yote. Kosa la Wakorinto linaonekana katika mistari ya 20 mpaka 22. Wenye chakula walitangulia kula, maskini wakabaki na njaa, na mwingine alikuwa amelewa pale pale. Waliwadharau ndugu zao mbele ya meza ya Bwana. Onyo lile halikuandikwa kwa kumfukuza mtu anayelia juu ya dhambi yake. Tena mstari wa 28 unasema mtu ajipime, kisha ale. Paulo hakuandika kwamba ajipime, kisha atoke nje. Tunajipima ili tutubu, na tukitubu, tunakula. Kama meza ile ingekuwa ya watu wasio na dhambi, mchungaji angetoka wa kwanza na wazee nyuma yake.

Sasa Warumi 7. Kuanzia mstari wa 14 Paulo anaacha kusimulia mambo yaliyopita, anasema kwa wakati uliopo: jema analolitaka halitendi. Walimu wa Biblia hawapatani hapa. Wengine wanasema anaeleza hali yake kabla ya kumjua Kristo. Sisi tunaona ni vita ya mwamini, kwa sababu mtu huyu anaifurahia sheria ya Mungu ndani ya moyo wake (7:22). Na asiyekubali hilo asome Wagalatia 5:17, maana barua ile iliandikiwa watu waliokwisha kumpokea Roho, na inasema mwili na Roho vinapingana ndani yao. Mlevi asiyemjua Mungu anakunywa kanyanga yake jioni na kulala vizuri. Roho akiingia, usingizi ule unaharibika. Uchungu unaokufanya uulize kama umeokoka hautoki kwa shetani peke yake, kama wengi wanavyofikiri.

Tena kuna wanaowapiga wenzao kwa 1 Yohana 3:9, kwamba aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Katika Kiyunani maneno yale yanaonyesha kitendo kinachoendelea, mwenendo wa mtu. Yohana yule yule, katika 1:8, anasema tukidai hatuna dhambi tunajidanganya, na katika 2:1 anasema tukianguka tuna mtetezi kwa Baba. Neno lile ni la mtu anayesimama upande wako mbele ya hakimu, kama avoka. Nani anatafuta avoka kama hana kesi?

Lakini tusieleweke vibaya. Hatufundishi kwamba aliyeokoka anaweza kuishi apendavyo. Mama anayeuza unga kwa kikopo ambacho chini yake kimebonyezwa kwa ndani, kisha anatoa sehemu ya kumi na kuimba bila moyo kumsuta, huyo hatuna neno la kumtuliza. Akisutwa, arudi nyumbani akinyooshe kikopo, na aliowapunja awarudishie kadiri anavyoweza, kama Zakayo. Asikimbilie kwa mtu wa kumtoza feza ili amfukuzie pepo la biashara. Pepo wapo, tunawafukuza kwa jina la Yesu, lakini kikopo kilibonyezwa kwa mkono.

Anayeshindwa tena na tena asibaki peke yake. Yakobo 5:16 inatuagiza kuungamiana na kuombeana. Tafuta mtu mmoja anayejua kunyamaza. Na ndugu aliyesimamishwa na wazee kwa muda asiseme Mungu amemfukuza. Wazee wanaweza kumzuia mtu huduma ao meza, lakini kitabu cha uzima hakimo mikononi mwao. Yesu alimwambia Petro kwamba amekwisha kumwombea imani yake isiishe, na alimwambia hivyo kabla Petro hajamkana (Luka 22:31-34). Alijua vizuri ni nani anayemwombea.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza Waebrania 6, kwa sababu andiko lile nalo linawatisha wengi. Kabla ya hapo someni Warumi 7 na 8 nyumbani kwa sauti, bila kusimama katikati. Paulo hakuigawa barua yake kwa sura, namba zile ziliwekwa na watu baadaye sana. Yule anayelia katika 7:24 kwamba ni maskini, nani atamwokoa, ndiye anayesikia mistari miwili tu mbele, katika 8:1, kwamba hakuna hukumu juu ya walio ndani ya Kristo Yesu.