Je, Wajua? Nyota Jirani Yetu Iligunduliwa Johannesburg

Ukiliacha Jua, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ni Proxima Centauri, na aliyeigundua ni mtu aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 12.

Robert Innes, Mskoti, alikuwa akiuza mvinyo mjini Sydney na usiku akisaka nyota pacha kwa darubini. Mwaka 1896 alihamia Cape Town kufanya ukarani katika kituo cha falaki. Mwaka 1903 akakabidhiwa kituo kipya cha Johannesburg, ambacho kwa hakika kilianzishwa kupima hali ya hewa! Mvua na upepo akavipima, lakini hakuacha kudai darubini hadi akazipata, na kufikia 1912 kituo kilikuwa kikiitwa Union Observatory.

Mwaka 1915 Innes alichukua picha mbili za kioo za sehemu ileile ya anga, moja ya 1910 na nyingine ya mwaka huohuo, akaziweka kwenye mashine inayozionyesha kwa zamu, harakaharaka, kupitia tundu moja la kuchungulia. Nyota isiyosogea hutulia, iliyosogea hurukaruka. Nukta moja hafifu, ambayo jicho tupu haliwezi kuiona, ikaruka. Tena ilisogea sambamba na Alpha Centauri, nyota angavu ambayo tayari ilijulikana kuwa jirani yetu. Mwaka 1917 Innes akapendekeza iitwe Proxima, yaani ya karibu kabisa. Alithubutu, maana vipimo vyake havikutosha kuthibitisha hivyo. Uthibitisho ulikuja 1928, hapohapo Johannesburg, kutoka kituo cha Chuo Kikuu cha Yale. Leo tunajua nuru yake husafiri miaka 4 na miezi mitatu hivi kutufikia. Ya Jua hutumia dakika 8 tu. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba Proxima ina sayari inayoizunguka.

Na sisi wa pwani tuna urithi wetu katika kituo cha Innes. Cyril Jackson, mwanafalaki wa kituo hichohicho, aligundua asteroidi nyingi na kuzipa baadhi yake majina ya Afrika. Za mwaka 1937 zimo tatu zenye namba zinazofuatana: 1427 Ruvuma, 1428 Mombasa na 1429 Pemba, zote zikilizunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Kenya na Uganda zilikuwa zimeshapata zao tangu 1933.